Kitengo cha Kuwanasa Wezi wa Hewani

Haya yalitokea Tulizana, nchi ambayo msomaji hajawahi kufika, kwa hiyo asije akasema anaifahamu.

Mwaka huo wakubwa wa dunia walitangaza nchi zinazoongoza kwa wizi wa mtandaoni, na Tulizana ikashika nafasi ya kwanza. Habari zilifika Ikulu zikiwa zimekatika njiani. Kilichosikika ni kwamba Tulizana imekuwa ya kwanza duniani. Mheshimiwa Rais hakuwa amezoea kusikia nchi yake ikitajwa mwanzoni mwa jambo lolote. Akatangaza mapumziko ya kitaifa. Watoto wa shule wakapangwa barabarani na vibendera, bendi ya polisi ikapiga mpaka midomo ya wapiga tarumbeta ikavimba. Ilikuwa katikati ya sherehe ndipo balozi wa nchi moja tajiri alipomnong'oneza Rais kwamba ushindi ule ni wa kuiba, na kwamba miongoni mwa walioibiwa ni shangazi yake yeye balozi.

Rais hakukasirika. Aliagiza vibendera vishushwe taratibu ili wananchi wasishtuke, kisha akamwita Waziri wa Utulivu wa Mitandao, Daktari Songoro Magubu, akamtaka awanase wezi wote kabla ujumbe wa wageni kutoka kwa wale wakubwa wa dunia haujaja kukagua. Daktari Magubu hakuwa daktari wa kutibu wala wa kusomea. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe, siku ileile alipokizindua, kabla utepe haujaanguka chini.

Ndivyo kilivyozaliwa Kitengo cha Kuwanasa Wezi wa Hewani, na ndivyo Zamda Ngoda alivyopata kazi.

Zamda alikuwa amesomea usalama wa mitandao na kuongoza darasa lake. Ni lazima ielezwe kwamba miaka ya nyuma Tulizana iliambiwa kuwa kompyuta ndiyo njia ya maendeleo, nayo Tulizana ni nchi sikivu. Ikajenga chuo cha kompyuta kila mkoa. Ikafukia nyaya za intaneti ardhini, zenye kasi kiasi kwamba jibu liliweza kufika kabla swali halijaisha. Ilisahau kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kidogo: ajira. Kila mwaka vijana walitoka vyuoni na majoho, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani kuyakunja. Zamda alikunja lake, akafungua kibanda cha kubandika vioo vya simu zilizopasuka.

Aliishi na mama yake, Bi Stara, muuguzi mstaafu. Kiinua mgongo cha Bi Stara kilikaa benki muda mfupi mno. Simu ilipigwa, sauti ya kijana mpole ikasema inatoka ofisi ya mafao, ikaomba namba ya siri ili ihakiki jina. Bi Stara akaitaja. Alipokwenda benki, alimkuta karani akimtazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa.

Lakini hilo silo lililomuumiza Zamda zaidi. Lililomuumiza ni kwamba yule kijana aliendelea kupiga. Hakuwa na cha kuchukua tena, ila kila wiki alipiga, akamwamkia Bi Stara na kumuuliza habari za magoti yake. Siku ya simu hiyo Bi Stara alijitanda kanga safi na kukaa karibu na dirisha, penye mtandao mzuri.

"Mama, huyo ni mwizi," Zamda alimwambia.

"Najua."

"Sasa unaongea naye nini?"

"Nimewauguza watu wa serikali hii maisha yangu yote, Zamda. Hakuna ofisi iliyowahi kunipigia kuniuliza magoti. Huyu anauliza. Tena nikijibu, anasikiliza."

Tangazo la Kitengo lilipotoka, Zamda aliwahi mlangoni kabla ya watu wote, na moyoni alikuwa na sauti moja tu aliyotaka kuikamata.

Mkurugenzi wa Kitengo alikuwa Kanali mstaafu Bwerere Kizibo, aliyepata sifa zake katika vita dhidi ya nzige. Waziri alimteua kwa hoja kwamba nzige na wezi wa mtandaoni wote hupitia hewani.

"Ukimwona mwizi wa mtandao utamtambua?" Kanali alimuuliza Zamda kwenye usaili.

"Haonekani, mzee. Anafuatiliwa kwa nyayo anazoacha kwenye mitambo."

Kanali aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Haonekani. Ndiyo maana hatujampata." Akamwajiri hapohapo.

Kitengo kilipewa ofisi katika Jengo la Uadilifu, ghorofa za chini. Kompyuta mpya zilikuwepo, zimo ndani ya maboksi yake, na maboksi yamefungwa utepe. Zilikuwa zinamsubiri Mheshimiwa Rais aje azizindue, na Mheshimiwa Rais alikuwa akisubiri kualikwa, na barua ya mwaliko ilikuwa ikisubiri kuchapwa kwa kompyuta. Watumishi wenzake Zamda walikaa kati ya maboksi wakiyapangusa vumbi. Walikuwa watu wema, wengi wao ndugu wa waziri.

Zamda alitaka kuanza na kesi ya mama yake. Kanali akafungua kitabu cha sheria, akamsomea taratibu, kwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa dawa chungu. Wizi, kwa sheria za Tulizana, ni kuchukua kitu kinachoshikika na kuondoka nacho, kwa miguu au kwa chombo cha usafiri.

"Pesa za mama yako zilishikika?"

"Zilikuwa benki, mzee."

"Mwizi aliondoka kwa chombo gani?"

"Kwa simu."

"Simu si chombo cha usafiri. Na tukio lilitokea mahali gani?"

Zamda alifikiri. "Tuseme hewani."

"Hewani si kwetu," Kanali alisema, akafunga kitabu. "Hewani ni kwa Mamlaka ya Anga. Nao, nilipowauliza, walisema wanashughulika na vitu vyenye mabawa."

Zamda alirudi nyumbani na hasira, akaamua kufanya kazi kwa vifaa vyake. Siku ya ile simu aliketi karibu na mama yake, kompyuta yake ya chuoni mapajani, na wakati Bi Stara akieleza jinsi goti la kushoto lilivyokaza, yeye akazifuata nyayo za ile sauti kutoka mtambo hadi mtambo. Ilijificha nchi za mbali, ikageuka, ikarudi, ikaingia mjini kwao. Mwisho ikatulia kwenye Jengo la Uadilifu.

Aliona amekosea, akarudia. Jibu likawa lilelile.

Kesho yake asubuhi alipanda ngazi. Lifti ya wizara ilikuwa imeharibika tangu jengo lilipofunguliwa, na lifti nyingine, iliyokuwa nzima na kunukia marashi, haikusimama ghorofa za serikali. Alipofika ghorofa ya juu kabisa alikuwa anahema. Mlango ulifunguliwa na mlinzi aliyemsalimia kwa adabu na kumpa maji.

Ndani kulikuwa na mwanga, ubaridi, na meza zimepangwa safu kwa safu, na kwenye kila meza mtu aliyevaa vipokea sauti akizungumza kwa adabu. Zamda aliwatazama nyuso. Yule pale chuoni alikuwa akimwazima daftari. Yule alikuwa kiranja wao. Yule alilia siku ya mahafali kwa sababu baba yake aliuza ng'ombe wote kumsomesha. Darasa lake zima lilikuwa pale, limenenepa.

"Umechelewa, Zamda," mtu alisema nyuma yake. "Meza yako tumeiweka muda mrefu."

Alikuwa Luhaga Tindwa, aliyekuwa wa pili darasani nyuma yake kila muhula. Sasa alikuwa meneja. Alimwongoza hadi kwenye meza tupu karibu na dirisha, yenye kiti kisichoyumba. Kabla hawajafika, kijana mmoja mwembamba alivua vipokea sauti, akasimama.

"Dada Zamda? Mimi naitwa Shomvi. Nilimwambia Mama akande goti kwa maji ya chumvi. Alikanda?"

Ile ndiyo ilikuwa sauti. Zamda alikuwa ameota mara nyingi namna atakavyoikaba. Sasa ilikuwa na macho makubwa yaliyojaa wasiwasi wa kweli, na mikono yake yeye Zamda haikujua pa kwenda.

"Ulimwibia mama yangu," alisema.

"Ndiyo, dada," Shomvi alijibu, akainamisha kichwa. "Wakati ule nilikuwa sijamzoea."

Luhaga alimketisha Zamda kwenye ile meza, akamwagiza kahawa. Hakuficha neno. Kampuni ilikuwa na leseni, imeandikishwa kama Huduma kwa Wateja wa Mbali, na ilikuwa mlipakodi bora wa mwaka. Mishahara ilitoka kabla mwezi haujaisha. Kulikuwa na likizo ya uzazi.

"Wageni wanakuja kuuliza kwa nini sisi na siyo jirani zetu," Luhaga alisema. "Watu wa kwa jirani wana tamaa kama ya kwetu, usidanganyike. Ila wenzetu walisomesha watu wachache wakawapa kazi. Kwetu wamesomesha umati wakaupa majoho. Kule ukimwibia mtu, kuna askari anayejua kuwasha kompyuta. Hapa benki ikiibiwa inaona aibu, inanyamaza. Askari anaona aibu kwamba haelewi, anamgombeza aliyeibiwa. Aliyeibiwa anaona aibu, anakwenda nyumbani kulala. Wizi wetu umelelewa na aibu ya watu, Zamda. Sisi tunapiga simu tu."

Zamda alinyanyuka. Jambo alilojichukia kwalo, na ambalo hakumwambia hata mama yake, ni kwamba kile kiti kilikuwa kizuri, na kwa dakika ile mgongo wake haukutaka kuondoka.

Alishuka mbio mpaka kwa Kanali, akamweleza yote. Kanali alifunga dirisha kwanza.

"Ulipanda ngazi kwa kibali cha nani?"

"Mzee, wezi wako juu yetu. Wamo kwenye jengo hilihili."

"Nimekuuliza habari ya kibali." Kisha akaona machozi yanamlengalenga binti, akalegea kidogo. "Binti yangu, jengo hili ni la mke wa Waziri. Wale wa juu ndio wanaolipa pango, la kwao na la kwetu. Umeme tunaotumia ni wa jenereta yao. Hata intaneti ya wizara inatoka kwao, wanatugawia. Tukiwafunga wao, sisi tutazimika."

"Kwa hiyo tutamkamata nani?"

"Hilo ndilo linalomnyima Waziri usingizi," Kanali alisema kwa masikitiko.

Wageni walikuwa wanakaribia. Bunge likakaa mchana mmoja na kupitisha sheria mpya, na kwa heshima ya wageni ilipitishwa bila kusomwa. Ilisema kwamba mhalifu wa mtandao ni mtu yeyote anayejua namna wizi wa mtandaoni unavyofanyika bila kuwa na leseni. Siku iliyofuata Daktari Magubu alikuja Kitengoni na wapiga picha. Akasimama mbele ya maboksi na kuhutubia.

"Ndugu zangu, adui asiyeonekana ni adui, lakini pia haonekani. Serikali imekusudia, inakusudia, na itaendelea kukusudia. Sasa nauliza kwa dhati: ni nani hapa anayejua namna wizi huu unavyofanyika?"

Ndugu wa waziri wakatazama viatu vyao. Zamda akaona hatimaye kuna mkubwa anayetaka kuelewa. Alisimama, akaeleza. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza jambo lolote: jinsi sauti inavyofichwa, jinsi pesa zinavyohamishwa, mahali mlango ulipoachwa wazi na namna ya kuufunga. Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi kwa moyo mweupe.

"Safi sana," alisema. "Kanali, mkamate."

Kanali hakuwa na pingu. Mambo ya nzige hayakuhitaji pingu. Akamfunga mikono kwa ule utepe wa maboksi, taratibu, akimuuliza kama unambana.

Wageni walipofika walionyeshwa mwizi mkuu wa Tulizana nyuma ya kioo. Kiongozi wa ujumbe, mama mtu mzima mwenye macho makini, aliomba kuzungumza naye, akaruhusiwa, kupitia mkalimani wa wizara aliyeketi upande wa Zamda na kipaza sauti.

"Uliiba peke yako?" aliuliza.

Zamda aliegemea kioo, akamwambia kila kitu: ghorofa ya juu, pango, jenereta, leseni. Aliongea mpaka koo likakauka. Mkalimani akageuka kwa mgeni na kusema kwa lugha yake, "Anasema anajuta." Zamda aliielewa ile lugha, maana ndiyo aliyosomea kompyuta, akaanza kuizungumza mwenyewe. Lakini kioo kilikuwa kinene, kipaza sauti alikishika mkalimani, na mgeni alichoona ni msichana anayepiga kioo kwa viganja huku analia. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwamba mtuhumiwa anajuta sana.

Siku ya hukumu Bi Stara alifika mahakamani akiwa ameshikwa mkono, kwa sababu magoti hayakumruhusu kupanda ngazi peke yake. Aliyemshika mkono alikuwa Shomvi, ambaye aliomba ruhusa kazini.

"Mheshimiwa hakimu," Bi Stara alisema, "mnamfunga asiye mwizi. Mwizi wangu namjua. Ni huyu hapa aliyenishika."

Hakimu alivaa miwani. "Kijana, ni kweli ulimwibia mama huyu?"

"Ni kweli, mheshimiwa," Shomvi alisema, na machozi yakamtoka.

"Una leseni?"

Shomvi akaitoa mfukoni. Hakimu akaigeuza huku na huku, akamrudishia. "Kaa chini. Na umtafutie mama kiti."

Zamda alitiwa hatiani. Magereza yalikuwa yamejaa watu walioiba kuku, ambao waliiba kitu kinachoshikika na kuondoka nacho kwa miguu, hivyo hakukuwa na nafasi. Hakimu akaamua atumikie kifungo chake katika sekta binafsi, chini ya uangalizi, mpaka wizi wa mtandaoni utakapokwisha Tulizana. Siku hiyohiyo askari alimpandisha kwa ile lifti yenye marashi. Luhaga alikuwa amefuta vumbi ile meza ya dirishani. Darasa lilisimama kumpokea.

Alikataa kushika simu. Askari, ambaye aliwekewa kiti mlangoni, akamweleza bila ukali kwamba sheria ina kifungu kingine: mzazi wa mtu mwenye ujuzi usio na leseni naye ana kosa, la kumzaa. Kifungu hicho hakingetumika maadamu simu zinapigwa. Zamda alimfikiria mama yake akipanda ngazi za mahabusu kwa magoti yale. Akavaa vipokea sauti.

Lakini alikuwa na akili, na sheria haikusema apige simu aseme nini. Mtu wa kwanza alipopokea, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka, Zamda alimwambia, "Mama, sikiliza. Usiniamini. Nipo hapa kukuibia. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata mimi, hata mtu atakayesema anatoka serikalini. Kata simu sasa hivi."

Yule mwanamke hakukata. Alisema, "Mwanangu, tangu nizaliwe hakuna aliyenipigia akaniambia ukweli. Ngoja nikutajie namba yangu unitunzie wewe. Hapa nyumbani wananipekua." Akaitaja kabla Zamda hajamzuia, na mashine ikairekodi.

Alijaribu kwa ukali. Aliwaambia watu kwamba wao ni wajinga na kwamba yeye ni mwizi mfungwa. Waliguswa. Walimshukuru kwa kuwajali, wakamwuliza wapi pesa zingekuwa salama, na alipowaambia hajui, wakasema mtu anayekiri kwamba hajui ndiye wa kuaminiwa. Wiki ilipokwisha, meza ya dirishani ilikuwa imeingiza kuliko safu yote iliyobaki. Luhaga alimletea keki. Baada ya hapo akaamuru ghorofa nzima iwe inasema ukweli, na Zamda akapewa kazi ya kuwafundisha wenzake, kwani wengi walikuwa wamesahau jinsi ya kuusema.

Daktari Magubu alipanda mwenyewe kumpongeza. Zamda alisimama akamwomba jambo moja tu, ahamishiwe kufagia.

"Kufagia?" Waziri alishangaa. "Binti, uaminifu ni rasilimali ya taifa. Ilikuwa imelala ardhini kama madini, wewe umeichimba. Hatuwezi kuirudisha shimoni."

"Basi nitatoka lini, mheshimiwa?"

"Hukumu imesema wazi. Wizi ukiisha." Waziri alitazama safu za meza, zilizokuwa zimeongezwa na sasa zilifika hadi kwenye ngazi. "Na serikali imekusudia," akasema, akaingia kwenye lifti.

Zamda aliketi. Nje ya dirisha, kwenye uwanja wa chuo cha kompyuta, mahafali mengine yalikuwa yakiendelea, na majoho meusi yalijaa mpaka ukutani. Luhaga alisimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha kahawa mkononi. Mashine ikachagua namba, ikapiga, na simu ikapokelewa mara moja, kana kwamba mtu alikuwa ameishika tayari.

"Haloo," Zamda alisema, kisha hakusema kitu kingine. Aliamua atanyamaza. Neno lisipotoka, hakuna wa kuliamini.

Upande wa pili mzee alikohoa, akavuta kiti.

"Ni wewe yule binti mkweli," alisema mzee, kwa furaha ya taratibu. "Majirani wameniambia habari zako. Nimekusubiri tangu asubuhi. Haya, mwanangu, sema, nitume wapi?"

Zamda alibana midomo. Mzee akasubiri, na nyuma ya Zamda, Luhaga naye akasubiri, akipuliza kahawa.

"Hasemi," mzee akamwambia mtu aliyekuwa naye chumbani. "Unaona? Hana tamaa. Niletee miwani, nimsomee namba."